Hoja ya Tatu

Yonathani Silwimba alikataliwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na akafurahi. Usianze kumcheka kabla hujaijua kazi yake.

Yonathani ni karani wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, mpakani na Zambia, na mwaka huu anatimiza miaka kumi na minane akifanya jambo moja tu: kujibu hoja. Lori linakuja na mzigo, nyaraka zinajazwa, zinatumwa kwa wakubwa wa forodha, na zinarudi. Zinarudi karibu kila mara. Chini yake huwa pameandikwa maneno mekundu: uzito haulingani na wa mizani, thamani haina uthibitisho, jina la mpokeaji halisomeki. Mgeni wa kazi akiyaona hutokwa jasho, lakini Yonathani hata kiti hasogezi. Kwake yeye, mtu anayekupa sababu bado hajakukataa. Unajibu hoja ya kwanza, unajibu ya pili, unaambatanisha kinachotakiwa, unatuma tena, na jioni dereva anakupigia honi akivuka. Kinachomtisha karani wa Tunduma ni faili linalorudi kimya, bila neno lolote. Hilo halina dawa.

Basi barua ya Bi Fausta ilipoingia kwenye simu yake, na Yonathani akaona ni ndefu, akajua mambo yameiva.

Bi Fausta naye ni wakala, ila wa aina ambayo sisi Tunduma hatunayo. Yuko Dar es Salaam, na kazi yake ni kusimama kati ya waandishi na wachapishaji: akiupenda mswada wako, atauhangaikia mpaka uwe kitabu. Yonathani alisikia habari zake redioni, akashangaa kwamba kumbe hata vitabu vina uwakala wake, na tangu siku hiyo akamhesabu yule mama kama mwenzake wa kazi. Alikuwa na riwaya aliyoiandika miaka sita, Jumamosi na sikukuu, ya dereva mmoja aitwaye Amoni aliyeacha machimbo ya Saza akashika usukani wa lori hadi Kongo. Akaituma yote, kurasa mia mbili na kumi, pamoja na namba ya kitambulisho chake, ambayo hakuna aliyemwomba.

Barua yenyewe ilisema hivi:

"Ndugu Silwimba, asante kwa kuniamini na mswada wako. Nimeusoma wote, na nasikitika kwamba sitaweza kuuchukua. Kwa kuwa naona umeufanyia kazi, nitakuambia kilichonishinda. Kwanza, kurasa thelathini za mwanzo ni barabara tupu; tunatajiwa kila mzani na kila kituo cha mafuta, na hakuna kinachotokea. Pili, Amoni anahutubia mno. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni mkewe, Ketrina. Anapika, anafua, anasubiri, halafu ukurasa wa tisini na tatu anakufa ili Amoni apate kulia. Mimi sikulia. Sikumjua huyo mama, na nina wasiwasi kwamba hata wewe humjui. Ukiandika kazi nyingine siku za mbele, nitafurahi kuisoma. Nakutakia heri."

Mtu mwingine angesoma "sitaweza", akazima simu, akaenda kunywa. Yonathani alilipita neno hilo kama anavyopita salamu za mwanzo wa barua. Akalipita na lile la "kazi nyingine". Macho yake yalitua kwenye kwanza, pili na tatu, yakatulia.

"Zimerudi," akamwambia Ezron, mwenzake wanayekaa meza moja, mtu pekee pale ofisini aliyejua habari za kitabu.

"Na hoja ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu?" Ezron akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Kaka, hiyo imepita. Mimi jana nimerudishiwa shaba ya Wazambia na hoja kumi na moja, na leo lori liko Mpemba linatafuta mizani. Tatu ni heshima. Huyo mama anakutaka."

Ukweli ni kwamba Ezron hajasoma riwaya yoyote tangu atoke sekondari. Lakini alisema kwa uhakika, na uhakika ndio aliokuwa akiutafuta Yonathani.

Hoja ya kwanza aliimaliza Jumamosi moja. Alifyeka mizani yote kuanzia hapa hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, akabakiza mmoja kwa sababu ya mapenzi. Hoja ya pili ilimchukua Jumamosi mbili. Alimnyamazisha Amoni kila alipotaka kuzungumzia hatima ya Afrika, na kwa kweli Amoni akawa mtu wa kuvumilika. Ilipofika hoja ya tatu, Yonathani akakaa mbele ya kompyuta na mikono yake mizuri ya kujibu hoja, na hakuna kilichotoka.

Akajaribu. Akampa Ketrina kanga ya rangi ya machungwa. Akamfanya apende ndizi. Akampa maumivu ya kichwa yanayokuja na kuondoka, ili kifo kisimjie ghafla. Akamwongezea na alama ya kovu shavuni, halafu akaona amemfanya afanane na dereva mmoja wa Nakonde, akalifuta. Kila alichomwongezea kilimning'inia tu. Ketrina alivaa kanga, akala ndizi, akaumwa kichwa, na bado hakuwa mtu.

"Sijui cha kumfanya," akamwambia Ezron.

"Kwani ukiwa na kontena na hujui kilichomo ndani, unafanyaje?"

"Nalifungua."

"Si una mke nyumbani?"

Naam, mke anaye. Anaitwa Tusekile, binti wa Mbebe kule milimani Ileje, na wameoana miaka ishirini na miwili. Yonathani akashangaa kwamba hakuwahi kuliwaza hilo. Ndiyo kusema, katika miaka sita ya kuandika habari za mke, hakuwahi kugeuza shingo kumtazama wa kwake, aliyekuwa hatua nne kutoka kwenye meza.

Jumapili baada ya ibada, wakiwa wamerudi nyumbani Mpemba na kubadilisha nguo, Tusekile akakaa ukumbini na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Yonathani akavuta kiti, akafungua daftari. Alikuwa amepanga maswali kwa namba, kama fomu. La kwanza: unapenda nini. La pili: unaogopa nini. La tatu: kitu gani ulitaka ukakosa.

Tusekile akayasikiliza yote matatu bila kuinua macho. Kisha akauweka ungo chini.

"Baba Gwantwa, unataka kuoa mke wa pili?"

"Hapana! Mungu wangu. Ni kwa ajili ya kitabu."

Akamweleza. Tusekile alijua kwamba kuna kitabu, kama unavyojua kwamba jirani ana kisima, ila hakuwahi kuambiwa kilichomo. Sasa akataka kujua.

"Huyo mwanamke ndiyo mimi?"

"Wa kubuni tu. Anaitwa Ketrina."

"Anakufa kwa ugonjwa gani?"

"Malaria."

"Walimpeleka hospitali gani?"

Yonathani akafikiri. "Hakupelekwa. Amoni alikuwa safarini."

"Majirani je? Hana majirani? Hana ndugu? Mtu anakufa kwa malaria nyumba nzima peke yake, na simu zipo?" Tusekile akatikisa kichwa. "Umemuua vibaya, baba Gwantwa."

Halafu, jambo ambalo Yonathani hakulitegemea, mke wake akayajibu maswali. Aliyajibu yote, taratibu, huku vidole vikitoa mawe kwenye maharage. Alisema hapendi samaki. Yonathani akadhani amesikia vibaya, maana kila Ijumaa kwa miaka kumi na mitano analeta migebuka ya Kasanga, akijua anamfurahisha. Hapana, akasema Tusekile, yule aliyewapenda alikuwa marehemu mama yako. Mimi niliwapika tu. Alisema alitaka kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, la kwanza hasa, si jingine, kwa sababu aliona ni ajabu mtu aingie hajui kusoma atoke anajua. Alisema anaogopa kuzeeka akiwa bado anangoja kuulizwa kitu.

Yonathani akaandika. Mwandiko wake wa kikarani, mzuri, ulionyooka.

"Na siku moja niliondoka," Tusekile akasema.

"Uliondoka wapi?"

"Hapa. Gwantwa alikuwa darasa la sita, na mwezi ule wa tano alikuwa Mbebe kwa mama. Nilikaa siku nne bila kukusemesha. Sikuwa nimenuna. Nilitaka kuona kama utagundua. Siku ya tano nikafunga begi langu la kijani, nikapanda bajaji hadi mpakani, nivuke niende kwa dada Nakonde nikaanze upya. Jioni ulipotoka kazini ulinikuta jikoni."

"Mimi nilikuwa nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu. Hicho ndicho kilichonichosha."

Kalamu ya Yonathani haikusimama. Hili nataka ulijue, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye lilimtesa: moyo wake ulikuwa umeshtuka, lakini mkono uliendelea kuandika. Na hakuuliza swali lililofuata. Tusekile akamtazama, akaacha nafasi ya swali hilo, pana ya kutosha semi-trela kupita. Yonathani hakuliuliza kwa sababu aliona jibu analo. Mke alirudi, basi alirudi kwa mumewe. Nani anauliza jambo kama hilo?

Tusekile akainuka kwenda kuinjika maharage.

Mwezi mzima Yonathani aliandika kama mtu aliyefunguliwa pingu. Ketrina akakataa samaki. Ketrina akatamani ualimu. Ketrina akakaa siku nne kimya, na siku ya tano akafunga begi la kijani, akafika mpakani, akasimama mbele ya geti na jua likimchoma utosini. Hapo akayakumbuka mapenzi ya Amoni, machozi yakamlenga, akageuza. Kifo cha ukurasa wa tisini na tatu akakifuta kabisa, kwa aibu.

Akatuma. Juu akaambatanisha barua ya kikazi, ile anayoweza kuiandika akiwa amelala. "YAH: MAJIBU YA HOJA. Mheshimiwa, rejea barua yako. Hoja ya 1: imerekebishwa, tazama kurasa za 1 hadi 12. Hoja ya 2: imerekebishwa, hotuba zimeondolewa isipokuwa moja fupi ukurasa wa 140. Hoja ya 3: imerekebishwa, mhusika amefanyiwa ukaguzi upya, tazama kurasa za 85 hadi 91. Naomba mswada uruhusiwe kupita." Chini akaweka sahihi na muhuri. Muhuri wa kampuni, ndiyo. Mazoea yana taabu zake.

Yonathani hakumwambia mkewe chochote. Alijipa sababu nyingi za kutomwambia, na zote zilikuwa za kikarani: jina limebadilishwa, mahali pamebadilishwa, mhusika ni wa kubuni.

Wiki tatu zikapita. Bi Fausta akajibu Ijumaa mchana.

"Ndugu Silwimba, nilikuandikia kwamba nitafurahi kusoma kazi nyingine. Sikukuomba uirudishe hii, na kwa kawaida zinazorudi hivi huwa sizisomi. Nimeisoma kwa sababu ya barua yako. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kuletewa muhuri. Nimecheka peke yangu ofisini hadi wenzangu wakaja kuniangalia.

"Kitabu bado siwezi kukichukua. Barabara ni fupi sasa, na Amoni amepoa, lakini havinigusi. Ila kurasa tano, zile za mwanamke na begi, nilizisoma nikiwa nimesimama. Zile siku nne za ukimya sijaziona mahali pengine popote. Huyu sasa ni mtu. Halafu anafika mpakani na unaniambia kwamba amekumbuka mapenzi, na hapo siamini hata neno moja. Mwanamke aliyekaa siku nne akingoja kugunduliwa hageuzwi na kumbukumbu ya mapenzi ya mtu ambaye hakugundua. Kuna kitu kingine kilichomrudisha, na umekiruka.

"Kwa nini alirudi? Ukilijua hilo, tupa kurasa nyingine zote, anzia hapo, uniandikie kitabu cha huyu mama, na nitakihangaikia kwa nguvu zangu zote. Usipolijua, tuachane kwa amani."

Yonathani aliisoma mara saba. Alikuwa amesubiri miaka sita mtu yeyote mwenye akili zake aseme maneno kama yale, "kwa nguvu zangu zote", na sasa yalikuwa pale kwenye kioo cha simu, yametenganishwa naye na swali moja la maneno matatu.

"Hoja moja?" Ezron akasema. "Moja! Kaka, mimi nakuagizia soda kabisa."

Hakuitaka soda. Alijaribu kulijibu swali mwenyewe. Ketrina alirudi kwa ajili ya mtoto. Lakini mtoto alikuwa kwa bibi. Ketrina alirudi kwa kuogopa maneno ya watu. Lakini mtu anayeogopa maneno hapandi bajaji mchana kweupe na begi. Ketrina alimsikia mchungaji. Ketrina aliota ndoto. Kila sababu aliyoiandika aliisikia sauti ya Bi Fausta ikisema siamini, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye hakuamini. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Yonathani alimtazama mke wake akipita na sinia la vyombo na akaogopa kumuuliza kitu.

Akamuuliza Jumamosi saa nane mchana. Tusekile alikuwa anajiandaa kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama. Amekwisha kufunga kilemba, anatafuta daftari la nyimbo. Yonathani akasema, kaa kidogo mama Gwantwa, akamsomea barua ya Bi Fausta, mwanzo hadi mwisho.

Tusekile hakukaa. Aliisikiliza akiwa amesimama kando ya meza.

"Umempelekea mtu wa Dar es Salaam habari zangu."

"Nimebadilisha jina."

"Na begi?"

"La kijani."

"Begi langu ni la kijani." Hakupaza sauti. Angepaza, Yonathani angepata pa kushika. "Nilikuambia wewe. Ulikuja na kiti chako na daftari lako, nikasema, haya, leo ameuliza. Sikujua ameuliza kwa niaba ya mtu."

"Nisamehe, mama Gwantwa. Nimekosa. Nilitaka kitabu kipite."

Tusekile akasema, "Nisomee ulivyoandika nilivyorudi."

Akamsomea. Geti, jua, mapenzi ya Amoni, machozi. Alipofika kwenye machozi sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwisha, anasoma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Na Tusekile akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, mkono umeshika ukingo wa meza, kilemba kikamlegea. Yonathani akajaribu kutabasamu, akashindwa.

"Yule mama wa Dar ana akili," Tusekile akasema, akifuta macho. "Baba Gwantwa, ule ulikuwa mwaka wa korona. Ni siku ile Zambia walipofunga Nakonde. Nilifika nikakuta geti limefungwa, askari kila kona, watu wamejaa wanapiga kelele. Nikasimama kama saa mbili. Nikarudi."

Yonathani aliikumbuka siku ile. Angeisahauje? Malori yalisimama hadi huku Mpemba, simu yake ililia mpaka ikazima, akarudi nyumbani jioni ametapika hasira zote njiani na bado zimebaki. Alikaa pale pale ukumbini akasimulia mpaka koo likakauka: wamefunga, mama Gwantwa, wamefunga bila taarifa, hakuna anayevuka, hata nzi. Na Tusekile akamletea ugali na maji ya kunawa, akasema, "Pole." Yonathani alidhani pole ile ni yake.

"Kwa njia za panya ungepita," akasema. Hakujua kwa nini anasema hivyo. Ni ukarani tu ulikuwa unasema, unatafuta kasoro kwenye nyaraka.

"Ningepita. Wengi walipita. Lakini anayepita kwenye vichochoro na begi kichwani anakimbia. Mimi nilikuwa naondoka. Nilitaka kupita getini, nigongewe muhuri kwenye pasi yangu."

"Na walipofungua?"

"Walipofungua zilikuwa zimepita siku kadhaa. Nilikuwa nimeshafua zile nguo na kuzirudisha kabatini." Akaona daftari lake la nyimbo chini ya gazeti, akalichukua, akalipangusa. "Gwantwa akarudi kutoka Mbebe. Shule zikafunguliwa. Ikawa hivyo."

Yonathani alitaka kusema kitu kikubwa. Alikitafuta kwenye kichwa chote, kichwa kilichomtungia Amoni hotuba za kurasa nne nne, na hakukipata.

"Na sasa?" akauliza.

Tusekile alikuwa anafunga upya kilemba mbele ya kioo kidogo cha ukutani. Akamtazama kupitia humo.

"Sasa mpaka uko wazi," akasema. "Mwandikie hivyo huyo Bi Fausta wako. Mimi nachelewa."

Akatoka.

Yonathani akabaki na simu mkononi. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu zuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitunga, na akajua, kama anavyojua uzito wa mzigo kwa kuangalia matairi, kwamba Bi Fausta akilisoma atainuka tena kutoka kwenye kiti chake. Kitabu kingepita. Watu wa Dar, wa Arusha, wa popote wangesoma kwamba mwanamume mmoja wa Tunduma alibakiwa na mke kwa sababu nchi ya jirani ilifunga geti, na kwamba mwanamume huyo alikuja nyumbani akailaani nchi hiyo mbele ya mke mwenyewe, akila ugali wake.

Akaandika: "Mheshimiwa Bi Fausta, kuhusu hoja iliyobaki, nasikitika kukujulisha kwamba sababu ya kurudi haijapatikana." Akaituma kabla hajaisoma tena. Ikaenda. Akajisikia mtupu, na kilichofuata hakikuwa ahueni.

Kisha akashikwa na hofu ambayo hakuweza kuipa jina, akavaa viatu bila soksi, akatoka nyuma ya mke wake. Hakumwona njiani. Alitembea haraka hadi kanisani, akasimama nje upande wa madirisha, palipopandwa maua ya karatasi, mtu mzima na shati lake la kushindia, akitumaini hakuna mzee wa kanisa atakayepita amuulize anatafuta nini.

Ndani akina mama walikuwa wameanza. Walikuwa kama ishirini, wanarudia ubeti mmoja, wanakosea, wanacheka, wanarudia. Madirisha yalikuwa juu, haoni kitu. Yonathani akainamisha kichwa akasikiliza, anatafuta sauti ya Tusekile kati ya zile sauti, ajue kwamba yumo. Akasikiliza sauti nyembamba za juu. Akasikiliza za kati. Kulikuwa na moja nzito, yenye mkwaruzo kidogo, iliyokuwa ikitangulia wengine, akafikiri labda ni ile. Halafu akafikiri labda siyo. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na wa tatu, na yeye bado amesimama pale. Miaka ishirini na miwili mke wake anaimba kwenye kwaya ile, na hakujua ni sauti gani.